Ramadhani ya Upepo

Mwanangu, ukitoka Tabora mjini ukashika njia ya kusini, ukaipita Sikonge na kuendelea katikati ya miyombo, utafika Ipole, karibu kilomita mia moja kutoka stesheni ya reli. Siku hizi ni lami, na huenda uliipita ukiwa umesinzia kwenye kiti cha basi. Hapo ndipo njia inapogawanyika: mkono wa kulia inakwenda Koga na Mpanda, mkono wa kushoto inakwenda Rungwa mpaka Chunya na Mbeya. Kabla ya magari, wapagazi wa Kinyamwezi walizikanyaga nchi hizi wakiwa na pembe za ndovu mabegani, wakitoka Ukonongo na Ufipa kwenda Unyanyembe, na kutoka huko hadi pwani. Livingstone alipoondoka Kwihara Agosti 25, 1872, safari ambayo hakurudi akiwa hai, alielekea huku huku Ukonongo. Wamisionari wa Moravian walikuja mwanzoni mwa karne ya 20, wakajenga Sikonge, wakajenga na Ipole. Baadaye Waingereza waliwakusanya watu wa misitu ya kusini mwa Tabora katika makazi makubwa kwa sababu ya malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, na baada ya uhuru vikaja vijiji vya ujamaa. Hayo utayakuta vitabuni. Mimi nataka kukusimulia upepo uliotupitia katika mfungo wa Ramadhani, Januari 1998, na watu wa njiani waliokwama kwetu wiki zile, maana wazee waliokuwapo wanapukutika na sijaona aliyeketi akaandika.

Mwaka ule ulikuwa wa El Nino. Msimu uliotangulia mvua ilikuwa haba, mahindi yakakaukia shambani, na watu wengi waliingia Oktoba 1997 wakila michembe na matobolwa mchana na usiku, viazi vile vilivyokaushwa ambavyo bibi yako alikuwa akikuwekea mfukoni ukienda shule. Kisha mbingu zikafunguka. Redio Tanzania ilikuwa ikieleza kwamba maji ya Bahari ya Pasifiki yamepata joto kupita kawaida, na Bahari ya Hindi upande wetu nayo imepata joto, kwa hiyo mawingu yanayoingia Afrika Mashariki yamebeba maji mengi kupita kiasi. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, na mwaka mwema hukaribia milimita 1,000. Mwaka ule hakuna aliyekuwa na haja ya kupima. Visima vilijaa mpaka mdomoni, vyoo vikatitia, na kipindupindu kikawa kinatajwa katika kila taarifa ya habari. Reli ya Kati ilikatwa na mafuriko huko upande wa Dodoma na Kilosa, na treni ilipokosa kufika Tabora, sisi tuliokuwa mwisho wa njia ya vumbi ndio tuliolipia. Sukari iliyokuwa shilingi 500 kwa kilo ikafika 800, tena ya kubembeleza. Mafuta ya taa yalipimwa kwa chupa ya soda, shilingi 300, na wengi wakarudi kulala na giza. Nakumbuka bei hizi kwa sababu nilikuwa karani wa chama cha msingi cha tumbaku, na karani hata akiwa kitandani anajumlisha.

Sasa lazima nikueleze habari ya bati, kwa sababu bila hiyo hutaelewa upepo ulichukua nini. Nyumba za zamani za Unyanyembe zilikuwa tembe: kuta nene za udongo, paa bapa la miti lililofunikwa udongo juu yake. Nyumba ya namna hiyo haiogopi upepo hata kidogo, ila mvua ya siku nyingi inaiyeyusha. Vijijini kwetu kulikuwa pia na nyumba za msonge na za nyasi, ambazo upepo ukizichukua mwenye nyumba hukata nyasi nyingine. Tumbaku ya mvuke ndiyo iliyoleta bati. Mtu akiuza vizuri, kitu cha kwanza alichonunua kilikuwa baiskeli, cha pili bati. Bati moja la geji 30 lilikuwa shilingi 4,500 Tabora mjini, na ukiongeza nauli ya lori lilifika Ipole likiwa zaidi ya elfu tano. Nyumba ndogo ya vyumba vinne ilihitaji bati arobaini. Piga hesabu: huo ni mwaka mzima wa moshi wa bani la kukaushia tumbaku machoni, kama siyo miwili, na wengi walizichukua kwa kukatwa kwenye mauzo ya msimu unaofuata. Ndiyo maana jioni ungemwona mzee ameweka kiti chake uani, anaitazama nyumba yake mwenyewe. Wenye bati waliezeka hafifu, si kwa ubahili wa moyo bali kwa upungufu wa fedha: kenchi za fito badala ya mbao, misumari ya bati mmoja mmoja pale ilipotakiwa mitatu, na ukuta wa matofali ya kuchoma usio na lenta juu yake. Paa lilikaa pale kwa uzito wake na kwa mawe yaliyopandishwa juu kulikandamiza. Mawe hayo yakumbuke.

Ilikuwa baada ya alasiri. Asubuhi kulikucha na joto la kukaba, hewa imesimama, inzi wamelala ukutani. Mimi nilikuwa ghalani nikihesabu magunia ya mbolea yaliyobaki. Kutoka kwenye nyumba za Waislamu, ambao kwetu ni wengi, kulikuwa na harufu ya kunde zinazochemka na ya uji wa pilipili manga, kwa sababu wapishi wa futari huanza mapema kuni zikiwa mbichi. Upande wa magharibi, juu ya msitu wa kwenda Koga, wingu lilikuwa limesimama wima, jeusi chini na la kijani kibichi ubavuni, rangi ambayo sikuwa nimeiona angani. Bibi mmoja jirani, muuza maandazi, alitoka akalitazama, akasema kwa Kinyamwezi kwamba hilo si la kulimia, akarudi ndani kufunika unga wake. Kwanza ikaja mvua ya mawe, punje za ukubwa wa karanga, halafu za ukubwa wa yai la kanga. Kwenye ghala lenye bati mlio ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kijana niliyekuwa naye alikuwa akifungua na kufumba mdomo na sikusikia neno. Kisha mawe yakakoma ghafla, pakawa kimya, na kutoka ndani ya kimya hicho ukaja mngurumo ambao kila mtu Ipole aliudhania kuwa ni lori zito linalopanda kilima. Ipole haina kilima.

Chamchela tunazijua. Kila Septemba zinazunguka uwanjani zikibeba majani na vumbi, watoto wanazikimbilia. Huu haukuwa huo. Mwalimu mmoja wa jiografia alituchorea baadaye kwenye vumbi kwa kijiti: hewa ya moto ya asubuhi inapanda, hewa baridi iliyobebwa na wingu inaanguka kwa nguvu, na mahali hizo mbili zinapokutana na kupindana pepo huanza kuzunguka na kushuka mpaka chini. Ulipita katika njia nyembamba, isiyozidi upana wa uwanja wa mpira, ukaingia kutoka msituni, ukakatiza nyuma ya soko, ukapita msikitini na kwenye madarasa mawili ya shule, ukaondoka kupitia mashamba ya tumbaku ya upande wa njia ya Rungwa. Aliyekuwa nje ya njia hiyo alipoteza kuku na usingizi. Aliyekuwa ndani yake alipoteza paa. Kuna nyumba ya nyasi ya mzee mmoja kilema iliyobaki imesimama, na jirani yake mwenye bati hamsini akabaki na kuta tu. Wapo waliotafuta sababu ya jambo hilo kwa waganga na likazua maneno mabaya, lakini sababu yake ilikuwa hewa. Upepo ukiingia chini ya upenu na kukuta dari hakuna na madirisha yako wazi, unalisukuma paa kutoka ndani huku mwingine unalivuta kutoka juu, na msumari mmoja hauwezi mabishano hayo. Nyasi zinapitisha hewa. Bati halipitishi.

Watu wawili walikufa. Kijana mmoja alikuwa amekimbia kupanda ngazi ili aongeze mawe juu ya paa la baba yake, na bati lilipoinuka mawe yote yalikuja chini pamoja naye. Wa pili alikuwa yule bibi wa maandazi. Ukuta wa jikoni kwake ulianguka kwa ndani. Tulimtoa mikono ikiwa bado na unga. Waliojeruhiwa walikuwa wengi, wengi kwa kukatwa na bati, na tuliwapeleka wazito hospitali ya Sikonge kwa trekta, kwa sababu gari dogo lisingepita kwenye tope lile. Usoni mwa watu siku ile sikuona kilio. Niliona hali nyingine, ya mtu aliyeulizwa swali gumu na anayetaka apewe nafasi ya kufikiri. Mwenzangu mmoja wa chama, mtu mkakamavu, alikaa juu ya robota la tumbaku ya msimu uliopita akiwa ameshika kitasa cha mlango wake, kitasa tu, na nilipomsalimu alinijibu salamu yote kwa ukamilifu, mpaka habari za watoto, kisha akanyamaza.

Harufu ndiyo inayonijia mpaka leo. Mvua ilipopungua, mji ulinuka msitu uliopasuliwa. Miti ya mitundu na miyombo ilikuwa imekatwa katikati, na mininga, ambayo utomvu wake ni mwekundu, ilikuwa inachuruzika mpaka chini ya shina. Juu ya hiyo kulikuwa na harufu ya tumbaku mbichi iliyopondwa na mawe, kali, inayoshika koo, na harufu ya asali. Msituni kwetu mizinga ya magome hutundikwa juu ya miti, na upepo ulikuwa umeiangusha mingi; masega yalitapakaa kwenye njia ya ng'ombe na nyuki wakawa wanazunguka hovyo bila malkia, wakiuma kila kinachopita. Bati zilikuwa kila mahali. Nyingine zilijiviringisha kwenye mashina ya miembe kama khanga, nyingine tulizikuta wiki nyingi baadaye mbali msituni, wawindaji wakizitumia kukaushia nyama. Na katikati ya hayo, jua lilipokuwa linazama, muadhini alipanda juu ya ukuta wa msikiti usio na paa akaadhini magharibi, kwa sababu watu walikuwa bado hawajafuturu.

Hapa ndipo wanapoingia wageni. Mto Koga ulikuwa umefurika tangu kabla ya Krismasi, na magari ya kwenda Mpanda yalikuwa hayavuki. Malori mawili yalikuwa yamelala Ipole yakisubiri maji yapungue, na la tatu, lililotoka Mpanda kabla mto haujajaa, lilikuwa limekatika shafti na dereva wake anasubiri kifaa kutoka Tabora. Abiria wa malori hayo walikuwa watu wa kila namna: akina mama wa Kifipa wenye magunia ya maharage na matenga ya migebuka iliyokaushwa, vijana wa kwenda kutafuta dhahabu, mchungaji mmoja na mkewe, wachunga ng'ombe wa Kisukuma, na fundi seremala wa Sumbawanga, mtu mfupi mwenye ndevu chache, aliyekuwa akirudi kwao na sanduku la vifaa baada ya kumaliza kazi Tabora. Kabla ya upepo, nikwambie kweli, watu wa Ipole walikuwa wameanza kuwachoka. Wageni walikuwa wakimaliza maji ya kisima, bei ya unga ilipanda kwa sababu yao, na palikuwa na minong'ono kwamba kuku wanapotea. Mwenyekiti wa kitongoji alishaandaa kikao cha kuwasema.

Kikao hakikufanyika. Magharibi ile, akina mama wa Kifipa walifungua magunia yao. Maharage yale yalikuwa mali ya kuuza, ndiyo mtaji wao wote, na gunia Tabora lingewapa fedha nzuri mwaka ule wa njaa. Waliyapima kwa sufuria, wakapika kwenye mafiga barabarani kwa kuni zilizoangushwa na upepo, na migebuka ikachomwa. Tulikula kwenye mabati yaliyopinda yaliyogeuzwa sinia. Waislamu walifuturu kwa tende chache alizokuwa nazo mwenye duka na kwa maharage ya Wafipa, Wamoravian wakala pamoja nao, na watoto wakala mara mbili. Usiku nililifungua ghala la chama, ambalo lilinusurika, tukatandika magunia matupu. Tarawehe zilisaliwa humo ndani mpaka mwisho wa mwezi, katikati ya marobota, na imamu alikuwa akipiga chafya kwa vumbi la tumbaku katikati ya sura, kisha anaendelea palepale alipoachia.

Usiku huo wa kwanza mzee mmoja, ambaye baba yake aliwahi kuishi Unguja, alitusimulia kimbunga kilichoipiga Zanzibar Aprili 1872. Merikebu za Sultani Barghash zilizama bandarini, mikarafuu ya Unguja ikang'olewa mashamba kwa mashamba, na waliopona wakaanza kupanda upya. Mwezi uliofuata Stanley alifika pwani akitoka kwetu Unyanyembe, na wapagazi aliowakusanya kwa ajili ya Livingstone walifika Kwihara mwezi Agosti. Bila shaka, mzee akasema, walikuja na habari hizo vinywani, na watu wa Tabora wakazisikiliza usiku, wakiwa mbali na bahari, wasiamini. Sijui kwa nini hadithi ile ilitutuliza. Nadhani ni kwa sababu msimulizi hakuwa na haraka, na kwa sababu ilikuwa inahusu watu wengine.

Asubuhi sungusungu walianza kazi ambayo leo naiona kuwa ndiyo iliyotuokoa kuliko msaada wowote. Unajua sungusungu walivyoanza huko Kahama mwanzoni mwa miaka ya themanini kwa ajili ya wezi wa ng'ombe. Kwetu pia walikuwapo, wakiwa na filimbi na mishale. Walizuia mtu yeyote kuokota bati na kwenda nalo nyumbani. Kila bati lililoonekana lililetwa uwanjani mbele ya chama, zikapangwa: nzima, za kunyoosha, na za kutupa. Halafu ukaja mgogoro, kwa sababu bati halina jina. Aliyekuwa na hamsini anasema hamsini, aliyekuwa na ishirini anakumbuka thelathini. Mimi nilikuwa na daftari la mikopo ya chama, lenye idadi ya bati alizokopeshwa kila mkulima, na kwa daftari lile tuligawa kwa uwiano. Wapo waliokasirika, hasa walionunua kwa fedha taslimu na kwa hiyo hawamo kwenye daftari. Kwao walisimama majirani kuapa. Wazee waliamua kwamba wajane na wenye watoto wachanga wapewe kwanza zilizo nzima, na mwenye nyasi asiibiwe nyasi zake. Nilishuhudia mtu tajiri kwa kiwango chetu akipokea bati za kunyoosha bila kusema neno, na tangu siku hiyo nilimheshimu mpaka alipofariki.

Fundi wa Sumbawanga hakuombwa. Alichukua kipimo chake, akapanda juu ya ukuta wa msikiti, akautazama muda mrefu, akashuka na kusema kwamba akiezeka kama ilivyokuwa, atakuwa anauezekea upepo. Akataka waya. Hatukuwa na waya wa kutosha, ila kulikuwa na nyaya za zamani za marobota na za uzio wa josho la ng'ombe lililokufa. Aliwafundisha vijana wetu kutoboa ukuta matofali manne kutoka juu, kupitisha waya ndani, na kuufunga kwenye kila kenchi mpaka ukae ngangari. Kenchi zikafungwa kwa papi, papi zikakaribiana, na kwenye ukingo wa upenu, ambako upepo huanza kuingilia, misumari ikapigwa kila mgongo wa bati. Upenu aliufupisha. Mawe aliyakataza kabisa. Bati lililotobolewa alilikinga kwa lami ya kuyeyusha iliyobanduliwa kwenye pipa la watu wa barabara. Mbao zilitoka kwenye ile mininga iliyoanguka, iliyopasuliwa kwa msumeno wa kushika wawili, mmoja juu na mmoja shimoni, na unga wake mwekundu ukawa unapaka rangi miguu ya watoto. Kilo ya misumari ya bati ilikuwa imefika shilingi 1,500 na haikupatikana. Watoto wa shule wakapewa kazi ya kuokota iliyopinda na kuinyoosha kwa mawe, glasi moja ya misumari kwa kipande cha sega. Madarasa hayakuwepo, kwa hiyo hakuna aliyelalamika kwamba wanakosa masomo.

Dereva wa lori lililokatika shafti alikuwa Mzaramo, na wewe unajua Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi wetu walipokuwa wakifia njiani pwani na wenyeji kuwazika. Kwenye mazishi ya bibi wa maandazi alitimiza utani wake wote. Alizuia jeneza lisitoke mpaka alipwe deni la maandazi ambayo marehemu, kwa kauli yake, aliyapunja ukubwa, akalala mlangoni, akawatukana wajukuu kwa kuvaa vizuri siku ya msiba. Watu walicheka, na katika kucheka ndipo wengi walipolia kwa mara ya kwanza tangu upepo upite. Kisha akachukua sururu akachimba kaburi kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwenye udongo uliojaa maji, akikataa kupokewa. Kazi hiyo ni wajibu wa mtani, lakini wajibu huo hauandikwi katika sheria yoyote, na angeweza kulala ndani ya lori lake.

Msaada wa nje tuliuomba. Niliandika barua mwenyewe kwa ofisi moja ya juu, nikaorodhesha kaya, nikaituma kwa mkono wa mtu aliyekwenda kwa miguu hadi alipopata gari. Jibu lilikuja Machi, likituagiza tujaze fomu. Siwalaumu sana, nchi nzima ilikuwa majini, na mji mdogo uliopitiwa na upepo kwa dakika chache hauonekani kwenye ramani ya mafuriko. Ila nataka ujue kwamba jibu lilipofika, msikiti ulikuwa umeezekwa, madarasa yameezekwa, na nyumba zilizobaki wazi zilikuwa chache. Idi iliangukia mwisho wa Januari na ilisaliwa chini ya paa.

Tumbaku ndiyo iliyotuumiza kwa muda mrefu. Jani lililotobolewa na mawe halipati daraja. Unaliingiza kwenye bani, unalichomea kuni zile zile, unalipanga kwa mikono ile ile, na sokoni linaitwa taka. Msimu huo wakulima wengi walimaliza wakiwa na deni la mbolea pamoja na deni la bati ambazo hazikuwepo tena juu ya nyumba. Nimeliona jambo hilo likivunja ndoa. Kamati ya chama iligombana usiku kucha mpaka ikakubali kuusogeza mkopo wa waliopigwa na upepo kwa msimu mmoja, wengine wote wakibeba pengo. Wafuga nyuki walipona haraka zaidi: El Nino ilichanuza msitu, makundi yaliyotawanyika yakaingia mizinga mipya, na asali ya Juni ilikuwa nyeupe na nyingi. Uyoga nao ulikuwa mwingi kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka; akina mama waliuza hadi Sikonge, na fedha ya uyoga ilinunua daftari nyingi za shule.

Mwanzoni mwa Machi 2015 niliposikia habari za Mwakata, kule Kahama, ambako mvua ya mawe na upepo vilibomoa nyumba usiku na kuua watu zaidi ya 40, nilikaa kando ya redio siku nzima. Kule kilichoua zaidi kilikuwa kuta za udongo zilizolowana zikawaangukia waliolala. Sisi tulipigwa mchana, watu wakiwa wima, wengi nje wakihangaikia futari. Tofauti yetu na wao ilikuwa saa tu. Tulichangishana Ipole, unga na nguo, vikapelekwa, na wazee wawili walitoa bati.

Malori yaliondoka kwa nyakati tofauti maji ya Koga yalipopungua. Akina mama wa Kifipa tuliwalipa maharage yao kwa asali, debe kwa debe, na waliondoka wakilalamika kwamba asali haipimwi hivyo kwao. Fundi alikataa fedha tulipokuwa hatuna, akasema tutampa tukiuza. Soko la tumbaku lilipofunguliwa tulichanga shilingi 30,000, tukampa dereva wa lori la Mpanda amtafutie mtu wa kumfikishia Sumbawanga. Dereva alirudi baada ya wiki kadhaa na karatasi iliyokunjwa, iliyoandikwa kwa penseli ya seremala, kwamba amezipokea zote, na kwamba anaomba kujua bati la tatu kutoka mwisho, upande wa kibla, linavuja au halivuji. Imamu alipanda kulitazama mwenyewe, kisha akaniagiza niandike kwamba halivuji.